Amenona, Lakini Hawezi Kuinuka



Juma hili tunajibu swali lililotufikia mara tatu, kutoka kwa wenzetu watatu wasiojuana. Mmoja ana lupusi iliyoshika figo zake. Wa pili alimaliza dawa za ukoma, lakini mishipa yake ya fahamu ikavimba na akaanzishwa vidonge vya kutuliza ule uvimbe. Wa tatu ana pumu kali, na kila mwezi anarudi kwenye farmasi ileile kununua vidonge vilevile, hata hakumbuki ni muganga gani alimwandikia mara ya kwanza. Magonjwa ni matatu, dawa ni moja: prednisoloni. Na kilio ni kimoja: "Nikichuchumaa chooni siwezi kuinuka. Mapaja ni kama ya mtu mwingine. Ni ugonjwa unazidi, ni dawa, ao kuna mtu ananifanyia?"

Jibu fupi kwa yule ambaye sombe yake iko motoni: mara nyingi ni dawa. Si uvivu, na si mtu wa avenyu yenu. Lakini tunakuomba usitupe vidonge leo jioni, kwa maana kuvikata ghafla kunaweza kukuua, na udhaifu wa mapaja kwa kawaida hauui. Ukipata nafasi, rudi usome mengine.

Prednisoloni ni ya jamaa ya kortizoni. Mwili wenyewe unatengeneza kitu cha namna hiyo kila siku, katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kiasi ambacho mwili wa mtu mzima unatengeneza kwa siku ni karibu sawa na miligramu 5 za prednisoloni, ao zaidi kidogo. Sasa mwenye lupusi ya figo anaweza kuanzishwa miligramu 40 ao 60 kwa siku. Hesabu mwenyewe: ni kama tezi za watu nane mpaka kumi na wawili zikifanya kazi katika mwili wa mtu mmoja.

Dawa hii tusiiseme vibaya kupita kiasi. Mwezi wa 9 mwaka wa 1948, kule Marekani, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, muganga Philip Hench alimpa kortizoni mwanamke wa miaka 29 ambaye viungo vyake vilikuwa vimeshikwa na baridi yabisi, kutembea kwake kumekuwa shida. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka wa 1950 Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu siku zile watu wengi wamepona figo, wamepumua, wameokoa macho na mikono yao kwa sababu ya vidonge hivi. Na tangu siku zilezile waganga wameona kwamba dawa ikikaa mwilini miezi na miezi, inaleta deni, na deni hilo linalipwa na mifupa, ngozi, sukari ya damu na misuli.

Misuli imejengwa kwa protini. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo, kama nyumba ya udongo ambayo mama anaipaka upya kila kiangazi. Kortizoni ikiwa nyingi inaharakisha kubomoa na inachelewesha kujenga. Udhaifu hauanzi popote tu. Unaanza kwenye mapaja, nyonga na matako, halafu unapanda kwenye mabega na mikono ya juu. Vidole vinabaki na nguvu zake. Ndiyo sababu jirani haamini: anakuona unachambua maharagi, unashona, unahesabu franka zako haraka kuliko yeye, halafu unasema eti hauwezi kusimama!

Katika mji wa Bukavu, ambako karibu kila nyumba iko juu ao chini ya nyingine, udhaifu huu unajulikana mapema. Mama aliyekuwa akitoka soko la Kadutu na mzigo wake bila kupumzika sasa anasimama kila baada ya hatua kumi, na si pumzi inayomkatika, ni magoti yanayokataa. Kushuka kunamtisha kuliko kupanda. Akikaa kwenye kibao kidogo karibu na mbabula, anainuka kwa kujishika mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kama mtu anayepanda mti. Kupanda nyuma ya moto inabidi mtu amsukume. Baadaye inakuja zamu ya mabega: kutwanga sombe kunamshinda kabla majani hayajalainika, kuanika nguo kwenye kamba ni kazi ya kupumzika mara tatu, na kusuka binti nywele inabidi akae juu na binti akae chini kabisa, la sivyo mikono inashuka yenyewe.

Na katika hayo yote, uso unanona. Tunataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu wenzetu wote watatu walitulilia juu ya jambo hili kuliko juu ya mapaja. Kortizoni inahamisha mafuta ya mwili: inayapeleka usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku mikono na miguu inakonda. Mashavu yanakuwa mviringo. Kwetu, mtu mwenye mashavu anasifiwa. "Mama, umenona! Bwana anakutunza vizuri!" Utajibu nini? Ukisema wewe ni mgonjwa, wanacheka. Ukisema hauna nguvu za kuteka maji, mama-mkwe anaangalia mashavu yako na anakata shauri lake. Mmoja wa wenzetu alisikia wifi yake akisema nyuma ya mlango kwamba anakula akiba ya nyumba na kulala. Mwanamke huyo alikuwa ameanza kulala na kikwembe amekifunga kwenye mguu wa kitanda, kusudi asubuhi akivute na kuinuka bila kumwamsha mtu. Hakula akiba ya mtu.

Kwa hiyo wifi, mama-mkwe, bwana: kama kuna mtu nyumbani anayekunywa prednisoloni, mashavu yake si shahidi wa kweli. Mtazame mapaja, ao mwombe ainuke kwenye kiti akiwa amekunja mikono kifuani. Hapo utaona kama anadanganya.

Njia hiyo ya kiti ni nzuri hata kwa mgonjwa mwenyewe. Chukua kiti kizito chenye mgongo, kiegemeze ukutani kisiteleze, mtu akae karibu. Kunja mikono kifuani, inuka, kaa, inuka tena, mara tano. Andika katika daftari tarehe na jinsi ilivyokwenda: "mara tano bila shida", "mara tatu", "sikuweza bila mikono". Rudia kila juma siku ileile. Ukifika kwa muganga na daftari hilo, atakusikiliza kwa namna nyingine kuliko ukimwambia tu "nimechoka". Kuchoka kila mtu amechoka hapa mjini, hata yeye.

Sasa maumivu. Wengi wanaandika "misuli inaniuma na haina nguvu" kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Tunawaomba muvitenganishe. Udhaifu unaoletwa na kortizoni kwa kawaida hauumi. Unakuja polepole, majuma ao miezi, bila homa, kila upande sawasawa, na paja linapungua bila kelele. Kama kuna maumivu makali, inafaa kuuliza yanatoka wapi, kwa sababu kila moja lina njia yake.

Mikazo ya ghafla kwenye ndama ya mguu, hasa usiku, inaweza kuwa upungufu wa potasiamu. Prednisoloni inaitoa kwenye mkojo, na kama umepewa pia dawa ya kukojoza ya kupunguza uvimbe, inatoka maradufu. Kuhara kunazidisha. Hapo kuna kipimo cha damu, na muganga anaweza kusaidia.

Maumivu ya ndani kwenye kinena ao nyonga, yanayozidi ukikanyaga, hayo ni mengine kabisa. Kortizoni inaweza kufanya kichwa cha mfupa wa paja kikose damu na sehemu yake ife. Mwenye lupusi yuko katika hatari hiyo, na mwenye ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS, yuko katika hatari hata bila kortizoni. Mtoto wa SS anayechechemea asiambiwe ni uvivu wa kwenda masomo. Apelekwe akapigwe radio. Na kama picha ya kwanza ni nzuri lakini maumivu yanaendelea, arudishwe, kwa maana mwanzoni picha ya radio inaweza isionyeshe kitu.

Maumivu ya mgongo yanayoingia kwa ghafla, labda baada ya kuinua bidoni la litre 20, yanaweza kuwa mfupa wa uti wa mgongo uliobonyea. Prednisoloni ya miezi mingi inalainisha mifupa, na mama aliyekwisha kukoma hedhi ana mifupa iliyoanza kupungua tayari. Bidoni hilo likijaa ni kilo 20. Lisibebwe na mtu huyu, na kichwani lisipandishwe. Hatutabembeleza juu ya neno hilo.

Na kisigino. Hapa mjini mtu akisikia tumbo na homa anajiandikia mwenyewe tifoidi na ananunua siprofloksasini, ile "sipro" ya vidonge vikubwa. Sipro pamoja na prednisoloni inaweza kudhoofisha mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino mpaka ukatike, na wazee ndio wa kwanza. Ukianza kuumwa nyuma ya kisigino wakati unakunywa sipro, usiongeze kidonge kingine, usitembee sana, rudi siku hiyohiyo umwambie aliyekuandikia. Bora zaidi, kabla ya kupokea sipro sema wazi: "Ninakunywa prednisoloni." Mara nyingi kuna dawa nyingine.

Kuna pia maumivu yanayokuja wakati dozi inapunguzwa. Misuli na viungo vinauma kama baada ya kulima siku nzima, na mtu anachoka, anakuwa na huzuni. Wengi wanafikiri ugonjwa umerudi na wanapandisha dozi wenyewe. Wakati mwingine ugonjwa umerudi kweli. Wakati mwingine ni mwili unaolalamika kwa sababu umezoea. Hayo mawili hayatenganishwi nyumbani. Muganga anaweza kuagiza vipimo, kupunguza kwa hatua ndogo zaidi, ao kusimama kidogo palepale. Na kuna wale ambao ugonjwa wao wenyewe ni wa misuli, inavimba na kudhoofika, na prednisoloni ndiyo dawa yake. Kwao hata muganga anakuna kichwa: ni ugonjwa ao ni dawa? Kipimo cha damu kinachoitwa CK kinasaidia, kwa sababu misuli ikivimba mara nyingi kinapanda, lakini katika udhaifu wa kortizoni kwa kawaida hakipandi.

Neno moja kuhusu vidonge vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki vinauzwa kila kona, na mtu mwenye maumivu anavinunua bila kuuliza. Pamoja na prednisoloni vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutoa damu, na kwa mwenye figo mbaya vinaziharibu zaidi. Choo kikiwa cheusi kama lami, ni hopitali. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo ya kuanza nayo. Kukandwa na maji ya moto kiasi, kwa mkono wa taratibu, hakuna ubaya. Ila msikubali mtu awakanyage mgongoni, wala kuchanjwa chale kwenye mapaja. Ngozi ya mtu wa kortizoni ni nyembamba kama karatasi, inachanika upesi, inakawia kupona, na uchafu ukiingia, homa inaweza isionekane kwa sababu dawa inaificha. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa wa prednisoloni akijisikia vibaya, hata bila joto kubwa, apimwe malaria na aangaliwe, asingojee kutetemeka.

Tumefika kwenye lile tuliloahidi mwanzoni. Kwa nini usikate vidonge?

Tezi zile mbili juu ya figo zina akili ya mfanyakazi: zikiona kazi yao inafanywa na mwingine, zinalala. Baada ya majuma matatu ao zaidi ya prednisoloni, zinaweza kuwa zimelala usingizi mzito, na kuziamsha kunachukua majuma, miezi, kwa wengine hata mwaka. Ukiacha dawa leo, kesho mwili hauna kortizoni ya farmasi wala ya tezi. Mtu anatapika, tumbo linauma, akisimama kichwa kinazunguka, shinikizo la damu linashuka, anazimia. Kama kuna malaria ao kuhara pamoja na hayo, anaweza kufa katika siku chache, na msibani watasema amelogwa. Ndiyo maana dozi inapunguzwa kwa ngazi, na ngazi hizo anazipanga muganga.

Watu hawakati dawa kwa ukaidi tu. Pesa zinaisha. Barabara inafungwa na farmasi haina kitu. Mgonjwa anaenda kuomboleza kijijini siku tatu, anakaa majuma mawili. Kwa hiyo tunasema: hesabu vidonge kila jumapili. Vikibaki vya siku kumi, ndipo unaanza kutafuta, si vikibaki viwili. Mtu anayejua asafiri navyo mkobani, si katika mzigo uliotangulia. Na aandike kwenye kikaratasi, akiweke pamoja na kadi ya uchaguzi: "Ninakunywa prednisoloni, miligramu kadhaa kwa siku, tangu mwezi fulani. Isikatwe." Ukianguka sokoni, anayekubeba hajui ugonjwa wako, lakini atafungua mkoba. Ukitapika vidonge mara mbili, ni kwenda kituo cha afya, huenda ukahitaji sindano. Ukitaka kupasuliwa, ukitaka kuzaa, ukipata homa kubwa, waambie, kwa maana siku hizo mwili unahitaji zaidi, si kupunguza.

Tunajua kuna wadada wanaosoma haya huku wanajificha. Wanakunywa deksametazoni bila ugonjwa wowote, kusudi wanenepe, wapate mashavu na makalio kabla ya harusi ya mtu. Dada, ile dawa ina nguvu kushinda prednisoloni: miligramu 4 za deksametazoni zinapita miligramu 25 za prednisoloni, na katika jamaa ya kortizoni ni mojawapo ya zile zinazokula misuli zaidi. Unachonunua ni mafuta usoni na mapaja yasiyokuinua. Vilevile pomadi za kung'arisha ngozi zenye kortizoni kali ndani, zikipakwa mwili mzima miezi mingi, zinaingia katika damu na kulaza tezi hizohizo. Na unga fulani wa "dawa ya mifupa" unaoondoa maumivu siku ya kwanza kama muujiza: katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umepimwa na kukutwa prednisoloni ao deksametazoni ndani. Lakini hata ninyi, kama mmetumia kwa muda mrefu, msiache kwa siku moja. Nendeni mkamwambie muganga ukweli. Amesikia makubwa zaidi.

Basi mgonjwa wa kweli afanye nini na mapaja yake?

Kwanza amuulize muganga kama dozi inaweza kushuka. Wengi hawaulizi, wanaogopa kuonekana wanamfundisha. Uliza. Wanaokunywa chini ya miligramu 10 kwa siku ni nadra kupata udhaifu mkubwa. Wanaokunywa 40 kwa majuma mengi ndio wanaoupata. Kwa lupusi kuna dawa nyingine zinazosaidia kuteremsha prednisoloni, kama hidroksiklorokini na azatioprini. Kwa pumu kuna pampu ya kuvuta, ambayo inapeleka kortizoni kidogo moja kwa moja kwenye mapafu, na mwenzetu yule wa tatu anastahili kuulizia hiyo kabla ya kununua tena vidonge vya mwezi ujao. Bei yake inauma, ni kweli. Ila aipige hesabu pamoja na bei ya vidonge, sukari ikipanda, na mfupa ukivunjika.

Pili, asilale. Hapa tunapingana na upendo wa jamaa zetu, ambao wakiona mtu dhaifu wanamtandikia mkeka na kumkataza hata kuosha kijiko. Misuli isiyotumika inaliwa haraka zaidi. Wagonjwa waliopandikizwa moyo, ambao wanakunywa prednisoloni, walipofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kidogo kidogo walirudishiwa misuli yao, na wale ambao hawakufanya hawakurudishiwa vivyo hivyo. Hatuna vyuma vya mazoezi, lakini tuna kiti na tuna chupa. Kuinuka kwenye kiti mara tano asubuhi, mara tano mchana, mara tano jioni. Juma linalofuata mara sita. Kusimama umeshika meza na kuinua visigino. Kuinua chupa mbili za maji za nusu litre mpaka usawa wa mabega, polepole, na kuzishusha polepole zaidi. Kutembea mahali pa tambarare, na mtu, dakika kumi, halafu kumi na tano. Uchovu wa kawaida kesho yake si ubaya; maumivu makali kwenye nyonga, mgongo ao kisigino ni kusimama na kuuliza. Na kama unakosa pumzi ukilala chali, acha mazoezi, nenda hopitali.

Tatu, chakula. Bugali peke yake haijengi msuli. Maharagi, soya, karanga, yai, maziwa, samaki. Sambaza za ziwa letu, zikiliwa nzima na mifupa yake, zinatoa protini pamoja na kalsiamu kwa mifupa ile inayolainika, na fungu moja haliwezi kumshinda kila mtu. Lengalenga, ndizi na avoka zina potasiamu. Chumvi ipunguzwe, na pamoja nayo zile kube za mchuzi na makayabu, maana dawa hii inashika maji na kupandisha shinikizo la damu. Sukari vilevile, ukianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, pimwa. Mwenye figo mbovu asifuate fungu hili bila kuuliza, kwa sababu kwake protini na potasiamu zina kipimo. Na jua la asubuhi, ambalo linasaidia kwa vitamini D, kwa mwenye lupusi linaweza kuamsha ugonjwa. Huyo aombe vitamini kwa vidonge na abaki na mwavuli wake. Prednisoloni yenyewe inyweke asubuhi baada ya kula, ukiinywa jioni utahesabu bati usiku mzima.

Choo tusikisahau, ndicho kilichoanzisha swali. Seremala yeyote anaweza kutoboa kiti imara na kukiweka juu ya shimo. Nguzo iliyopigwa ukutani ya kujishikia ni mti mmoja na misumari. Tumesikia bwana mmoja akisema kiti cha namna hiyo kinaaibisha nyumba. Mke wake alikuwa hanywi maji tangu mchana kusudi asiende chooni usiku, na ana ugonjwa wa figo. Bwana huyo ana mikono miwili na nyundo.

Ikiwa dozi inashuka na mtu anakula na kujizoeza, nguvu zinaanza kurudi baada ya majuma matatu, manne, na zinaendelea kurudi kwa miezi mingi. Hazirudi kwa haraka ya kuondoka. Mashavu nayo yanapungua, na wenye kukusifu watasema umekonda. Waache waseme.

Linabaki swali dogo la mwenzetu wa pili, ambaye ana mtoto wa mwaka mmoja: je, anaweza bado kumbeba mgongoni? Kwa sasa, ndani ya nyumba na uwanjani, ndiyo, ikiwa muganga hajamkataza kwa ajili ya mgongo. Mama akae kwenye kiti, mtu mwingine ampandishe mtoto na kumfunga, halafu mama ainuke akiwa ameshika meza. Asiiname kumwokota chini na kumrusha mgongoni kama zamani. Na mvua ikinyesha, njia ya mteremko ikiwa matope, mtoto abebwe na dada yake ao na baba.